Bunge Halimbembelezi Mtoto

Ikiwa ulisoma shule ya msingi humu nchini, huenda unakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama. Ulikaa nacho mpaka umnase mwingine, na aliyekutwa nacho jioni alikiona cha mtema kuni.

Je, wajua kuwa watoto wa Wales, nchi ndogo iliyo chini ya ufalme wa Uingereza, walionja adha iyo hiyo katika karne ya 19? Mwaka wa 1911 waliosema Kiwelisi walikuwa 43 katika kila watu 100. Kufikia 1991 hawakuzidi 19.

Waama, wenyewe hawakukaa kitako. Mwaka wa 1980 mwanasiasa Gwynfor Evans aliapa kususia chakula hadi kufa iwapo serikali ingewanyima televisheni ya lugha yao. Serikali ikasalimu amri, na kituo cha S4C kikaanza 1982. Katika kura ya maoni ya 1997, waliotaka bunge lao wenyewe walishinda kwa kura 6,721 tu. Bunge hilo likaanza kazi 1999, na sheria ya 2011 ikakipa Kiwelisi hadhi ya lugha rasmi.

Ungedhani mambo yamenyooka. Wapi! Sensa ya 2021 ilipata wasemaji 538,300, hawafiki 18 katika kila 100, na upungufu ulikuwa hasa miongoni mwa watoto wa miaka mitatu hadi 15. Sheria huweza kuandika lugha kwenye vibao vya barabarani, lakini haimbembelezi mtoto usiku.

Sisi nasi tuna Katiba ya 2010, inayoitaka serikali kukuza lugha za kiasili, na tuna kaunti tangu 2013. Lakini mzazi mwenzangu, nyumbani wasema nini na wanao? Mtoto akitamka neno la kwao twamkemea, tukadhani ndio usomi. Krismasi ikifika, mjukuu na nyanyake wanatazamana kama mabubu, nawe umegeuka mkalimani.

Kiingereza na Kiswahili atavipata shuleni. Lugha ya nyanyake ataipata kwako, au aikose. Usimngoje gavana wala mbunge. Anza leo, wakati wa chajio: mwambie akupitishie chumvi kwa lugha ya kwenu, naye akikosea, msahihishe bila kumcheka.