Ruzuku ya utafiti imfikie fundi wa Mpanda

Yapo mawazo yaliyokwisha kuota mizizi katika baadhi ya ofisi za nchi hii, kwamba utafiti ni kazi ya watu wenye makoti meupe wakaao Dar es Salaam, Arusha au Morogoro. Na kwamba mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Dirifu, au mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Mpanda, wajibu wake ni kungoja mpaka watu hao wamalize kufikiri, ndipo aletewe matokeo. Mawazo hayo ni kasumba. Na kama kasumba nyingine yoyote yana gharama yake, ila gharama hiyo hailipwi na wale wayashikiliao. Hulipwa na wananchi wa Katavi.

Mpanda ni mji uliokuzwa na madini. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilomita 210, lilifikishwa huko mwaka 1950, wala halikujengwa kwa kumhurumia mkulima na gunia lake la mahindi. Lilijengwa kubeba risasi ya mgodi wa Mukwamba, pamoja na shaba, fedha na dhahabu iliyochanganyika nayo, mali ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Ujuzi wa kupima na kutenganisha madini hayo uliondoka pamoja na wenye kampuni. Aliyeajiriwa kupiga sururu akabaki na sururu yake. Huo ndio urithi ambao ukoloni uliuachia mji wa Mpanda: mashimo, reli, na mikono iliyozoea kuchimba lakini ikanyimwa nafasi ya kujua.

Sasa atazamwe mchimbaji mdogo wa leo. Hutoa jiwe katika duara, hulipeleka karashani likasagwe, unga wake huupitisha kwenye mwalo, hutia zebaki ili ishike chembe za dhahabu, kisha huichoma ile zebaki ikapanda moshi. Njia hiyo hupata sehemu tu ya dhahabu iliyomo. Kiasi kikubwa hubaki katika mchanga uitwao marudio, ambao mchimbaji huuza kwa bei ya kutupa au humwachia mwenye karasha, na mwisho wa safari mchanga huo humfikia yule mwenye mtaji wa kujenga matangi ya sianidi, ambaye huvuna pasipo kushika sururu. Wengi humlaumu mwenye matangi. Lakini alichonacho yeye ambacho mchimbaji hana si fedha peke yake. Anajua ni gramu ngapi zimo katika tani moja ya marudio, mchimbaji hajui. Katika biashara baina ya ajuaye na asiyejua, hakuna haja ya mizani ya wizi.

Moshi wa zebaki ni jambo jingine kabisa, na halina sura ya biashara. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mara nyingi huchomwa nyumbani, katika kikaango kilekile, mtoto akiwa karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na ilifanya vyema. Hata hivyo, mkataba haumfundishi mtu namna ya kupata dhahabu bila zebaki. Wala hawezi kufundishwa kwa kusomewa kijitabu kilichoandikwa mahali pengine, maana mawe ya Dirifu si mawe ya Geita, na mawe ya Ibindi huenda yasifanane na ya jirani yake. Mwenye karasha akitaka kujua kama meza ya kutikisika itaishika dhahabu ya mawe yake, hana budi kusaga tani kadhaa, kupeleka sampuli maabara, kupima kilichopatikana na kilichopotea, kisha kurudia tena kwa unga laini zaidi. Kazi hiyo ina jina. Jina lake ni utafiti. Na katika majuma yote anayoifanya, karasha halimwingizii senti, dizeli inakwisha, na vibarua wanataka posho yao ya siku.

Nani alipe?

Wapo watakaojibu upesi kwamba mikopo ipo. Ni kweli ipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu zinazojulikana, ukarejeshwa mwaka wa fedha wa 2024/25. SIDO nayo ina mfuko wake wa kukopesha wajasiriamali. Lakini mkopo hufaa kwa kazi ambayo matokeo yake yanajulikana: kununua cherehani, kununua ng'ombe, kuongeza mtaji wa duka. Jaribio ni kitu ambacho matokeo yake hayajulikani. Yangejulikana lisingekuwa jaribio. Kumwambia mfugaji nyuki wa Inyonga akope ili ajaribu mzinga mpya wa mbao badala ya mzinga wa magome ni kumwambia aanze kurejesha fedha kabla hata nyuki hawajaingia, na pengine wasiingie kabisa mpaka msimu upite. Mtu mwenye akili timamu hatakopa kwa masharti hayo. Ataendelea kuchuna magome, mti wa miombo utakauka ukiwa umesimama, na msimu ujao atachuna mwingine. Kisha atakuja bwana mmoja katika gari la serikali kumhutubia juu ya kutunza misitu.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Fundi wa gereji mjini Mpanda akishinda mwezi mzima akikata na kuchomelea chuma chakavu hadi apate chekeche na roli zinazokoboa mpunga wa Kakese au wa Mpimbwe bila kuujaza chenga, siku ya pili fundi wa jirani atakuja kutazama, na siku ya tatu atakuwa naye ametengeneza. Hataza inatolewa na BRELA, lakini fundi wa namna hii hana wakili wala nauli ya kesi. Na kwa kweli Taifa halipaswi kusikitika sana chekeche lile likienea mkoa mzima, kwa sababu mkulima ndiye atakayeuza mchele mzima kwa bei ya mchele mzima. Basi hapo ndipo hoja ilipo: aliyelipa gharama ni mmoja, walionufaika ni umma. Jambo ambalo faida yake ni ya umma, na hasara yake inabebwa na mtu mmoja, halitafanyika ila umma ukubali kubeba sehemu ya hasara. Hiyo ndiyo maana ya ruzuku ya utafiti, na si sadaka.

Wasioamini kwamba dola inaweza kufanya hivyo bila kuangamia watazame Marekani, ngome yenyewe ya ubepari, ambako watu huimba asubuhi na jioni kwamba soko liachwe lifanye kazi yake. Mwaka 1982 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyozilazimisha idara za serikali zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga fungu kwa ajili ya makampuni madogo peke yake. Serikali haikudai hisa wala kurejeshewa fedha. Utaratibu wake ulikuwa wa hatua: fungu dogo kwanza, la kupima kama wazo lina maana, aliyefaulu akapewa fungu kubwa zaidi la kutengeneza kielelezo, baada ya hapo akaenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Hao ni watu wenye mabenki ya kila aina. Kama wao hawakuliachia soko jukumu hilo, kwa nini aachiwe mfugaji nyuki wa Mlele?

Hapa nchini vyombo havikosekani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lilifuatwa na TIRDO kwa utafiti wa viwanda, TEMDO kwa usanifu wa mitambo na CAMARTEC kwa zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ikachukua nafasi ya Baraza la Utafiti la mwaka 1968, na mwaka 1995 ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, yaani MTUSATE. Mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yalianza mwaka 2019. Aidha, Wizara ya Madini ilijenga Vituo vya Umahiri, na Mpanda ni mojawapo ya miji iliyopata, pamoja na Chunya, Songea, Handeni, Bukoba, Musoma na Bariadi. Yote hayo ni mema. Lakini jengo haliulizi swali, na kikombe cha mashindano hakinunui dizeli ya jaribio la pili. Umoja wa Afrika umekwisha kuzihimiza nchi wanachama kutumia asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania, kama nchi nyingi za bara hili, bado haijafika hapo. Na katika hicho kidogo kinachotengwa, njia yake imechorwa kwa namna ambayo chuo kikuu huifahamu na gereji haiifahamu: tangazo la Kiingereza, andiko la kurasa nyingi, wasifu wa mtafiti mkuu na orodha ya machapisho yake. Fundi ana machapisho gani? Machapisho yake yanakoboa mpunga.

Sasa itasikika ile sauti iliyozoeleka: "Ruzuku zilikwisha kutolewa, zikaliwa." Sauti hiyo isipuuzwe, maana ina ukweli ndani yake. Katikati ya miaka ya 2010 Serikali, kwa mradi uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwapa ruzuku wachimbaji wadogo, makumi ya maelfu ya dola kwa mradi mmoja. Baadaye ikazisimamisha, kwa maelezo kwamba baadhi ya waliopewa hawakuzitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Waliofanya hivyo walikosa, na wanastahili lawama. Ila uchunguzi usiishie kwao. Ruzuku ile ilikuwa hasa ya vifaa na mitambo. Haikumtaka mpokeaji ajibu swali lolote, wala aache maarifa yoyote ambayo mwenzake angeyatumia. Mtu aliyepewa fungu kubwa kwa ajili ya mtambo, asiyedaiwa matokeo ya kitu chochote, ana vishawishi vingi njiani. Dawa ya kosa hilo ilikuwa kupunguza fungu, kuligawa kwa hatua na kudai matokeo. Kufunga mfuko ni sawa na kuvunja chungu kwa sababu ugali umeungua. Na ifikiriwe pia ni fedha ngapi za maendeleo ya viwanda vidogo zinazoteketea katika semina, posho za vikao na kukodi kumbi za hoteli. Hizo hazijapata kusimamishwa kwa kuliwa, kwa kuwa zina stakabadhi.

Utaratibu unaofaa hauhitaji wizara mpya. Ofisi ya SIDO ya Mkoa wa Katavi ikabidhiwe fungu kutoka MTUSATE, liwe la kudumu na lijulikane kiasi chake. Mwombaji aeleze kwa Kiswahili, hata kwa mdomo mbele ya karani, ni kitu gani hakijui na atakijuaje. Kamati ya kumsikiliza isiwe ya maofisa watupu; wawemo mafundi, wachenjuaji na wafugaji nyuki wenye sifa mbele ya wenzao. Fungu la kwanza liwe dogo, na sehemu yake ilipwe moja kwa moja kwa maabara au taasisi itakayopima sampuli, ili watafiti wa Arusha na Dar es Salaam waitwe na fundi, badala ya fundi kuitwa nao. Asiyeleta matokeo asipate fungu la pili. Aliyeleta matokeo mabaya lakini ya kweli asihesabiwe mwizi: aliyegundua kwamba meza fulani haiishiki dhahabu ya Ibindi amewaokoa wachimbaji wengine wote wasiinunue. Na matokeo yote, ya kushinda na ya kushindwa, yabandikwe ukutani pale ofisini na yasomwe katika mikutano ya vijiji.

Watauliza kama mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Rukwa, una watu wa kutosha wa kusimamia jambo hili. Barabara ya lami imekwisha kufika kutoka Tabora. Bandari ya Karema imejengwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ikitazamana na Kongo. Mizigo itapita, na kitakachoamuliwa ni kama asali, mchele na dhahabu ya Katavi vitapita vikiwa vimekamilika au vikiwa ghafi, kama ilivyopita risasi ya Mukwamba.

Madiwani na wabunge wa mkoa huo watakapokaa kupitia makadirio ya mwaka ujao, wasikubali kusomewa orodha ya taasisi. Waulize ni shilingi ngapi za MTUSATE zimefika Mpanda, zimemfikia fundi gani, na fundi huyo amejaribu kitu gani. Jibu litolewe kwa tarakimu.