Dawa ya Fangasi na Nusu Dozi



Zipo familia za Pwani ambazo kazi na biashara zimezihamishia Machakos, na wiki hii tumezielekea hizo, ingawa jambo lenyewe linawahusu wa Mombasa, Lamu na Malindi vilevile. Miongoni mwa akina mama wa mji huo tumeyasikia yale yale tuliyoyazoea huku kwetu. Mwasho ukizidi, vidonge vya flukonazoli hununuliwa dukani bila ya kupimwa. Siku ya pili ikionekana nafuu, vilivyosalia hutiwa kabatini. Na siku wifi au jirani atakapolalamika kwa dalili zilizofanana, hugawiwa kwa nia njema kabisa, kama anavyogawiwa chumvi.

Tunajua mazungumzo haya hufanywa kwa sauti ya chini. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na afya ya mwili unaosimama katika sala ni jambo la kuulizwa pia. Wengine wamefarijika kwa dhana kwamba fangasi ni maradhi ya joto la Pwani, na kwamba baridi ya Machakos ya mwezi wa Julai inatosha kuyafukuza. Ni kweli kwamba jasho na nguo zisizopitisha hewa huyapa nguvu, lakini kimelea tunachokizungumzia hukaa ndani ya mwili, na humo hali ya joto ni ile ile, uwe Iveti au uwe Kisauni.

Jina lake ni Candida albicans, ndugu wa mbali wa hamira tunayoumulia mahamri. Watu wengi wazima wa afya wanacho kinywani, matumboni na, kwa wanawake, ukeni, wala hakiwadhuru, kwa sababu bakteria wema wa mwili hukizuia kisizidi. Madhara huanza pale kinapobadilika. Seli yake ya mviringo huchomoza uzi mrefu; uzi huo hung'ang'ania ngozi laini na kuipenya; hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha protini za mwili; na tangu mwaka 2016, kwa utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa King's College London, tunajua pia kwamba nyuzi hizo hutoa sumu inayotoboa seli zetu, nayo imepewa jina la kandidalaisini. Mwasho, uwekundu na ule uchafu mweupe mithili ya maziwa yaliyoganda hutokana na vita hivyo.

Sasa dawa. Nistatini hushikamana na mafuta maalumu yaliyomo katika ngozi ya kimelea, yaitwayo ergosteroli, ikaitoboa na kukiua. Flukonazoli na klotrimazoli hufanya kazi kwa njia nyingine: huzuia ergosteroli isitengenezwe. Flukonazoli hasa hukisimamisha kimelea hiki kisizaliane kuliko kukiua papo hapo, na kazi ya kumaliza masalio huachiwa kinga ya mwili. Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila mama alielewe. Dawa haisubiri mpaka kimelea kife ndipo ikivunje makali. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa vimelea vya kinywa, Lakshman Samaranayake na Arjuna Ellepola, walizilowesha seli za Candida katika dawa kwa muda mfupi tu, kiasi kisichotosha kuziua, kisha wakaiondoa dawa hiyo. Seli zilibaki hai, lakini uwezo wake wa kung'ang'ania ngozi ya ndani ya kinywa ulipungua, na uwezo wa kuchomoza nyuzi vilevile. Zilikuwa kama zimelevywa.

Kwa mgonjwa hiyo ni rehema, kwani mwasho hutulia mapema. Lakini ni hiyo hiyo inayomhadaa. Anayesikia raha siku ya pili huenda bado amewabeba wengi walio hai, waliolegea tu, na akiikatiza dawa aliyopangiwa huwapa nafasi ya kuzinduka. Tena si wote wanaolegea. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kukuza Candida katika flukonazoli pungufu, wakakuta kwamba baadhi yao walitoa kimeng'enya cha kuyeyusha protini kwa wingi zaidi kuliko kabla. Yaani dawa ile ile iliyopungua huenda ikamdhoofisha huyu na kumchochea yule, na hakuna mtu anayeweza kumtambua yupi ni yupi kwa kutazama kidonge kabatini.

Nusu dozi, hata hivyo, haina maana ya siku chache. Kwa fangasi wa ukeni wasio na matatizo mengine, kidonge kimoja cha miligramu 150 cha flukonazoli ni dozi kamili. Anayejiongezea cha pili na cha tatu kwa hofu hajapata faida. Vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni vipo vya usiku mmoja na vipo vya usiku kadhaa, kwa kadiri ya nguvu yake. Kilicho muhimu ni kuufuata mpango uliopewa mpaka mwisho.

Nistatini, kwa njia, ni kazi ya wanawake wawili: Elizabeth Hazen aliyekuwa jiji la New York na Rachel Brown aliyekuwa Albany. Waliigundua katika udongo wa shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Virginia, wakapelekeana vichupa vya udongo kwa posta, na mwaka 1950 wakaitangaza. Jina lake limetokana na jimbo la New York. Mamilioni ya dola yaliyopatikana hawakuyatia mifukoni mwao. Yote yalikwenda katika utafiti wa sayansi. Tumependa binti zetu wa sekondari walijue hilo.

Anayeona kwamba tunatia chumvi na atazame Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Machakos. Huko, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, uchunguzi wa wagonjwa 201 waliopatikana na Candida katika damu baina ya mwaka 2010 na 2016 ulionyesha kuwa 77 kati yao walikuwa na Candida auris. Kimelea hicho kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, na kwa kawaida flukonazoli haikiwezi. Hushambulia hasa waliolazwa kwa maradhi mazito, hivyo mama mwenye mwasho wa kawaida asitishike kwacho. Lakini mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, liliwaweka auris na albicans wote wawili katika daraja la juu kabisa. Dawa za kupambana nao ni za aina chache mno, na kila zinapotumiwa ovyo hupungua nguvu.

Turudi nyumbani. Uchafu wa ukeni si fangasi kila mara. Upo unaotokana na bakteria na upo wa maradhi ya zinaa, na hiyo miwili flukonazoli haiigusi. Anayerudiwa mara kwa mara katika mwaka mmoja aende maabara, na aombe apimwe sukari pia, kwani kisukari huwapa fangasi chakula. Mjamzito asimeze flukonazoli kwa shauri la jirani. Yeye hupewa dawa ya kuweka, kwa uangalizi wa kliniki. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amtaje daktari wake kabla ya kumeza, maana hizo mbili hugongana.

Na kuna hili la istinja. Wako wanaojiosha ndani kwa sabuni, hata kwa manukato, wakidhani ndiyo tahara kamili. Katika madhehebu yetu ya Kishafii mwanamke huosha kile kinachodhihiri anapochutama, basi. Sabuni ya ndani huwafukuza wale bakteria wema na kuwaachia uwanja Candida.

Dawa za kuweka ukeni hutumiwa wakati wa kulala, kwa hiyo hata mwenye kufunga huiweka usiku bila ya kuivuruga saumu yake. Kwa mtoto mchanga mwenye utando mweupe kinywani, matone ya nistatini huendelezwa kwa siku mbili baada ya utando kwisha, na matiti ya mama yakiwa yanauma hutibiwa pamoja naye, siku hizo hizo, wasije wakarudishiana.