Hedhi Ikipotea, Sukari Ipimwe

Msichana anayekaa miezi bila ya kuona hedhi na kuota ndevu, visiwani mwetu mara nyingi hufichwa ndani au hupelekwa kwa mganga. Sisi tunasema apelekwe hospitali. Huenda ana ugonjwa wa vifuko vya ovari, unaompata takriban mwanamke 1 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Mara nyingi ugonjwa huo huufanya mwili uikaidi insulini, na kisukari huweza kumwingia angali kijana. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka sukari ipimwe ugonjwa ugunduliwapo, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Wakuu wa afya hawana budi kukifikisha kipimo hicho katika kila kituo, Unguja na Pemba. Wazazi nao waache kuona haya: mficha maradhi, kifo humuumbua.