Chembe Nyeupe Zimepanda: Je, Ni Vijidudu Tu?

Hapa Bagara akina mama huniletea karatasi za maabara baada ya ibada. Swali kubwa ni hili: "Dada nesi, chembe nyeupe zimepanda, nimemeza dawa mara tatu, mbona sipati nafuu?"

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Zikipanda, mara nyingi kuna vijidudu. Kipimo cha ESR nacho huonyesha chembe nyekundu zimezama milimita ngapi kwenye mrija kwa saa 1. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 50, kwa kawaida haizidi 20 hivi, ingawa ujauzito na upungufu wa damu huipandisha. CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana. Vipimo hivi hutujulisha kwamba kuna moto. Havisemi unawaka nyumba ipi.

Chanzo kimoja, ambacho ni adimu, ni uvimbe katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Uvimbe mwingi wa hapo si saratani. Lakini ukitoa homoni ya kortisoli kupita kiasi, chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hupanda na limfosaiti hushuka, hata pasipo kijidudu. Tena kortisoli huficha homa, hivyo mwenye maambukizi ya kweli huweza kuonekana mzima. Uvimbe unaotoa adrenalini nao, kwa wagonjwa wachache, huleta homa na kupandisha ESR na CRP, na hali hiyo hutulia ukiondolewa.

Basi usitazame karatasi peke yake, tazama na mwili. Je, uso umekuwa wa mviringo, mapaja yamelegea, tumboni kuna mistari mipana ya zambarau, sukari na presha vimepanda? Au kichwa hugonga kwa vipindi, moyo ukienda mbio na jasho likitiririka? Usiseme ni mawazo ya nyumbani tu. Mweleze daktari. Ataagiza vipimo vya homoni, pengine mkojo wa saa 24, na picha ya tumbo. Ikibidi, utapewa rufaa hospitali kubwa kama KCMC, Moshi.

Jambo la mwisho, wala usilifiche. Vidonge vya prednisoloni, na mkorogo wenye dawa za jamii hiyo, hubadilisha uso na damu vivyo hivyo. Taja kila unachomeza na kila unachopaka. Na kama umetumia prednisoloni kwa muda mrefu, usiiache ghafla: tezi zako zimelala, unaweza kuzimia, hata kufa. Daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Mama, tunza karatasi zako zote za maabara katika bahasha moja, uende nazo kila unapotibiwa. Majibu ya mwaka jana yakiwekwa kando ya ya leo, daktari huona mengi.