Mashine na Maktaba Yake

Spektrometa ya masi imeharakisha utambuzi wa bakteria. Bakteria waliokwisha kuoteshwa hupakwa kwenye kibati, wakachanganywa na kemikali maalumu na kupigwa leza. Protini zao huruka zikiwa ioni, nyepesi zikizitangulia nzito, na muda wa safari hufichua uzito wa kila moja. Kwa dakika chache tu, kompyuta huulinganisha mpangilio huo na maktaba yake, kisha hutaja jina.

Taabu i katika maktaba. Brucella, asababishaye homa ya kutupa mimba, huhesabiwa miongoni mwa vimelea viwezavyo kufanywa silaha. Kwa hiyo maktaba nyingi za kawaida zimemwacha nje. Asipokuwamo, mashine imewahi kumwita Ochrobactrum, jamaa yake asiye na makali hayo. Hapo mgonjwa hukosa dawa stahiki, na mtaalamu wa maabara huendelea kufungua kisahani mezani, ilhali Brucella huambukiza hata kwa hewa.

Katika nchi za wafugaji, ambako maziwa mabichi yangali yakinywewa, kununua mashine hii pasipo kudai maktaba iliyo kamili ni uzembe. Na jibu la Ochrobactrum kutoka damu ya mwenye homa lichukuliwe kuwa Brucella, hadi kipimo kingine kikanushe.