AJALI YA TREKTA SI SHAURI YA MUNGU

Ndugu Wafanya Kazi,

Mtu akiumizwa na trekta shambani, maneno huwa mawili. Wenzake husema ni shauri ya Mungu. Tajiri husema ni uzembe wa dereva. Mimi siyakubali yote mawili, maana yote humfunga mdomo anayetaka kuuliza habari ya mashine yenyewe.

Tazameni ile shafti inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi au ya kukata majani. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa pindo la koti, mtu hawahi hata kupiga kelele. Ndiyo sababu huwekewa kifuniko. Kifuniko kikivunjika kisirudishwe, uzembe ni wa nani? Si dereva anayetia sahihi ya kununua spea.

Na trekta ikipinduka? Huko Sweden, tangu mwaka 1959 trekta mpya ziliamriwa ziwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Fremu yataka na mkanda, ama sivyo dereva hutupwa nje akalaliwa na chuma kile kile. Trekta isiyo na fremu haifai kupelekwa kwenye miteremko ya Nandi wala Kericho.

Jambo jingine ni malipo ya kuhesabu eka. Anayelipwa hivyo hapendi kuzima injini. Majani yakiziba mashine, huyatoa kwa mkono huku inanguruma, kwani kila dakika ya kusimama yatoka mfukoni mwake. Basi usalama ni shauri ya mshahara pia. Yafaa Chama kidai dakika za kuzima na kusafisha mashine zilipwe.

Nasi tuna sehemu yetu. Turniboi asipande juu ya matigadi. Zima injini, tia ufunguo mfukoni, ndipo uguse mashine. Koti lililolegea liache nyumbani.

Sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri asimrudishe pale hatari ingali ipo. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yamtaka tajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi katika siku 7 tangu apate habari, na madai yapelekwe katika miezi 12. Msikae kimya mpaka siku zipite.

Tena, mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Ndugu, kwenu ipo? Kama haipo, mwulizeni tajiri wiki hii, nanyi mwende pamoja, si mmoja mmoja.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama