Bodi umenunua, lakini mfumo ni wa nani?

Kuna mtindo umeshika sana kwa vijana wa teknolojia hapa mjini. Msee ananunua Raspberry Pi, anapakua mfumo endeshi uliopikwa tayari, anauweka kwenye memori kadi, na kabla chai ipoe ameshaweka picha mtandaoni ati amejenga kompyuta. Sina ubaya naye, kila mtu huanzia mahali. Lakini amejenga nini hasa? Amewasha kitu ambacho wengine walijenga, na siku hao wengine wakichoka, yeye hana la kufanya.

Mimi naona hivi: kijana yeyote anayetaka kulipwa kufunga hizi bodi ndogo, iwe ni kwa duka, kwa tangi la maji au kwa kamera za ploti, anafaa kujenga mfumo wake kutoka kwa msimbo chanzo angalau mara moja. Na mahali pazuri pa kujifunzia ni Gentoo.

Gentoo ilianzishwa na Daniel Robbins, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2002. Hii haikupi ugali kwenye sahani. Inakupa unga, sufuria na kitabu cha maelekezo. Programu yake inayoitwa Portage inachukua msimbo wa kila programu na kuukompaili papo hapo, kulingana na chipu yako na mambo uliyoitisha. Hayo unayaitisha kwa vibendera vya USE. Kama bodi yako inakaa juu ya paa ikipima maji, ya nini kuibebesha programu za kuprinti, Bluetooth na madirisha ya rangi? Unasema hutaki, na hazijengwi kabisa. Kwa bodi yenye RAM ya GB 1, hilo si jambo dogo.

Wengi watauliza, kwani kuna haja gani na mfumo wa bure upo tayari? Basi tuulize huo mfumo ulitoka wapi. Pi ya kwanza ilipotoka Februari 2012, prosesa yake ilikuwa ya ARMv6, yenye uwezo wa kupiga hesabu za desimali ndani ya chipu yenyewe. Debian ya wakati huo ilikuwa na matoleo mawili yaliyoikaribia. Moja halikutumia uwezo huo, kwa hivyo mambo yalijikokota. Lingine lilitaka ARMv7, halikuweza kukubali chipu hiyo. Jamaa wawili, Mike Thompson na Peter Green, wakaketi chini na kujenga upya maelfu ya vifurushi vya Debian kutoka kwa msimbo chanzo, mahususi kwa chipu ile. Hiyo ndiyo Raspbian, na bila hiyo kazi yao Pi za mwanzo zingekuwa polepole kuliko foleni ya Thika Road. Ule mfumo "rahisi" unaoweka leo ulizaliwa manake kuna watu walijua kukompaili.

Mfano mwingine: Pi 3 ilikuja 2016 na chipu ya biti 64, lakini mfumo rasmi wa biti 64 ulitangazwa kuwa tayari Februari 2022. Waliojua kujijengea hawakungoja miaka hiyo yote.

Sasa, wacha niseme ukweli ambao mashabiki wa Gentoo huuficha. Ukiambiwa ati kila kitu kitakuwa na kasi ajabu sababu umekikompaili mwenyewe, kataa. Tofauti kwa kawaida ni ndogo. Na kukompaili kwenye bodi yenyewe ni noma. Kanuni ni GB 2 za RAM kwa kila kazi moja unayoruhusu ikimbie, kwa hivyo Pi 3 yenye GB 1 imeanza ikiwa na deni. Kompaila kama GCC itaila masaa kadhaa. Halafu stima ipotee katikati. Portage inaweza kuendelea na orodha iliyobaki, lakini kile kifurushi kilichokuwa jikoni kinaanza upya. Memori kadi nayo inaandikwa na kufutwa mpaka inachoka kabla ya siku zake.

Kwa hivyo usifanye hivyo. Tumia laptopu hata kama ni kuukuu: kuna kifaa kinaitwa crossdev cha kuandaa kompaila inayotengenezea bodi programu ikiwa juu ya mashine nyingine, na distcc ya kugawa kazi kati ya mashine kadhaa. Tena tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe inatoa vifurushi vilivyokompailiwa tayari kwa arm64. Chukua vile vikubwa vikiwa tayari, jenga vile vinavyokuhusu. Kuna wazee wa Gentoo watakuita msaliti, waache.

Mteja, utaniambia, hajali haya yote, anataka tu kitu kifanye kazi. Sawa, lakini anataka kifanye kazi hata mwaka wa nne. Kuna bodi za bei ya chini ambazo mtengenezaji hutoa mfumo mmoja wenye kerneli ya zamani, kisha anahamia bidhaa mpya. Tundu la usalama likigunduliwa baadaye, sasisho haliji. Fundi anayejua kujenga anaweza kujaribu kerneli mpya, kuiwekea anachohitaji na kuokoa kazi. Asiyejua anamwambia mteja anunue bodi nyingine. Na leseni ya GPL inampa aliyeuziwa kifaa chenye kerneli ya Linux haki ya kudai msimbo wake, ila haki hiyo haina maana kama ukipewa huo msimbo hujui uufanye nini.

Hata kwa Gentoo, lakini, kuna mlango mmoja kwenye Pi hutaufungua. Ukiiwasha, GPU ndiyo huamka kwanza, na programu ya Broadcom inayoiamsha imefungwa, msimbo wake haujatolewa. Unaweza kujijengea kila kitu kinachofuata, kuanzia kerneli kwenda juu. Hicho kipande kimoja bado unakipokea kama kilivyo.